Maji ya maganda si tohara: neno letu kwa mabi harusi wanaokuja Arusha



Leo tunakuja na la moyoni, na tunamuomba radhi mapema atakayekereka. Sisi ni wake wa Unguja na Pemba tulioolewa Arusha. Wengine tuko Ngarenaro, wengine Kaloleni, wengine Njiro, na mmoja wetu yuko Tengeru, ambako Mlima Meru ukifunguka mawingu asubuhi anauona dirishani kabla hajatoka kitandani. Kila mwezi tunakutana, tunasoma, tunakula, tunacheka sana. Na mwaka mzima sasa hakipiti kikao bila ya kutajwa ile chupa.

Chupa mnaijua. Ya lita moja na nusu, zamani ilikuwa ya maji ya kunywa, ndani mna maji ya rangi ya chai ya mkandaa yenye harufu ya uchachu. Kuna wanaoiita enzaimu, kuna wanaoiita siki ya maganda, kuna wanaoiita "ya asili" basi. Inazawadiwa kwenye kicheni pati, inauzwa kwenye makundi ya WhatsApp, na bi harusi anaambiwa: mwanangu, hii ndiyo mwisho wa sabuni. Inafuta kioo, inaosha vyombo, inaua vijidudu vyote, inatoa najisi ya mtoto, matone mawili kwenye ndoo yanasafisha maji ya kunywa, na ukijioshea kidogo kabla mumeo hajaingia chumbani, hatakusahau.

Hapo kwenye kujioshea ndipo tulipoweka vikombe chini. Tumenyamaza vya kutosha.

Kwanza tuseme kitu, asije mtu akatubandika jina la wapinzani wa maganda. Nani kati yetu hakuona bibi yake akisugua sinia la shaba kwa ganda la ndimu lililokwisha kamuliwa, na majivu kidogo, likang'aa kama la dukani? Ukwaju uliobaki kwenye kichujio ulikuwa hautupwi, ulikwenda kwenye birika la shaba. Watu wazima walijua kwamba tunda likishaliwa bado lina kazi. Anayetaka kutuuzia hilo kama ugunduzi mpya ametukuta tushalijua. Wala si hapa tu. Mchanganyiko huu wa sasa wa sukari sehemu moja, maganda sehemu tatu, maji sehemu kumi, ukakaa miezi mitatu, ulienezwa kutoka Thailand na Dk. Rosukon Poompanvong, ukapita Malaysia na India, ndipo ukafika kwenye simu zetu. Hatuna ugomvi na asili yake. Ugomvi wetu ni na sifa zilizoongezwa njiani.

Maji ya maganda ni asidi hafifu, jamaa zake ni siki na ndimu. Kazi ya asidi ni moja: inayeyusha chokaa na kutu kidogo, inakata harufu, inang'arisha bomba na kioo. Kama ni maganda ya chungwa au limau, kuna na mafuta yale yanayokuchoma macho unapolimenya, na mafuta hayo ndiyo yanayolainisha grisi ya jiko na gundi ya karatasi kwenye chupa. Hiyo ndiyo sifa yake halali, na ni sifa nzuri. Kule kwetu Unguja, kwenye visima vya jiwe la matumbawe, birika linalopiga ukoga mweupe wa chokaa linasafishika kwa siki kuliko kwa steli waya. Hatukatai.

Lakini asidi si sabuni. Sabuni inakamata mafuta na kuyapeleka na maji. Siki haiwezi hivyo. Ndiyo maana sahani iliyoliwa pilau ukiiosha kwa maji ya maganda pekee inabaki inateleza. Na kuna wale wanaochanganya siki na magadi, povu likapanda, wakapiga makofi. Mashoga, lile povu ni viwili hivyo vinauana. Likishatulia mmebakiwa na maji yenye chumvichumvi. Kila kimoja kitumieni peke yake.

Tukija kwenye kuua vijidudu: asidi hafifu inapunguza vingine na vingine inaviacha vizima. Ubao uliokatia kuku mbichi, choo cha nyumba yenye mgonjwa wa tumbo, ndoo ya mtoto anayeharisha, hivyo si vya kupigia ramli kwa chupa ya maganda. Na hayo matone ya maji ya kunywa ndiyo kabisa! Huku pembezoni mwa Meru maji ya sehemu nyingi yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, ndiyo inayowaacha watoto wa Ngarenanyuki na Oldonyosambu na meno ya rangi ya kahawia. Pale Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti wa kuiondoa, na njia waliyoishughulikia ni kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa. Ganda la nanasi halitoi floraidi, na anayemwambia mama mwenye mtoto kwamba linatoa, ataulizwa.

Jengine, ni maganda gani hayo?

Bi harusi anafika Arusha, anaona ndizi. Ndizi za kila namna, mikungu imepangwa Kilombero na Soko Kuu, na Jumamosi Tengeru ndiyo usiseme. Wenyeji wanapika machalari, wanapika mtori, na ndizi mshare ya kupika ina maganda chungu nzima. Pembeni yake maparachichi makubwa kama kichwa cha mtoto. Anasema, Alhamdulillah, maganda nimeyapata. Anayajaza ndoo.

Mmoja wetu alifanya hivyo. Maji yalitoka ya kahawia, akafutia kitambaa cheupe cha meza aliyopewa na mamake, na mpaka leo kitambaa kile kina mawingu. Utomvu wa ndizi mbichi ukishika nguo hautoki, kila mkulima wa mgombani anakwambia. Ganda na kokwa la parachichi ndiyo zaidi: kuna watu duniani wanayachemsha makusudi ili kutia nguo rangi ya waridi. Kwa hiyo maganda yaliyo mengi kuliko yote Arusha ndiyo yasiyofaa kufutia kitu. Chupa haikwambii hilo kwa sababu aliyeitia maneno hakuwahi kuimenya ndizi mshare.

Na tena si taka. Huyu wetu wa Tengeru alikuwa akiyatupa, mpaka siku moja mama wa Kimeru jirani yake akasimama mlangoni na ndoo. "Mwanangu, haya unatupa kweli? Ng'ombe wangu analala njaa." Ng'ombe wao wanafugwa zizini, wanakatiwa majani na kuletewa migomba na maganda, na mbolea inarudi shambani. Tangu siku hiyo ndoo inakwenda jioni ikiwa imejaa na asubuhi inarudi na kikombe cha maziwa juu yake. Unataka kumnyang'anya ng'ombe yule chakula ili ufutie kioo? Mjini ni mambo mengine. Mjini maganda yanafungwa kwenye mfuko, yanaoza, gari linayapeleka dampo la Muriet. Huko ndiko kwa kuyaokoa, na ya kuyaokoa ni ya machungwa ya Muheza, malimau na mananasi.

Tuhesabu na sukari. Kwa maji lita kumi unatakiwa utie kilo moja. Kilo nzima ya sukari, mashoga, uimwage kwenye ndoo ya maganda ili miezi mitatu baadaye uokoe pesa ya sabuni. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika nchini mpaka serikali ikatangaza bei elekezi, kulikuwa na watu wakiendelea kutuma masomo ya enzaimu kama kwamba wao wako nchi nyengine. Wanatusomea makatazo ya israfu kwa ajili ya ganda la chungwa, kisha wanaitupa sukari ya chai ya watoto. Kipande cha sabuni ya mche kinaosha vyombo vya siku ngapi? Hesabuni wenyewe.

Sasa tohara, maana humu ndimo mlimotuchoma khasa.

Sisi wengi wa visiwani tumelelewa kwa madhehebu ya Imam Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika madhehebu hayo najisi inaondoshwa kwa maji, maji mutlaq, yasiyobadilishwa na kitu. Si kwa siki, si kwa mawardi, si kwa enzaimu. Zulia likikojolewa, ukalifuta kwa maji ya maganda likanukia machungwa, umeondoa harufu, hukuondoa najisi. Utaswali juu yake ukidhani uko tahiri. Hata yule mtoto wa kiume ambaye bado ananyonya tu, ambaye sharia imetupunguzia kwake, kinachonyunyizwa ni maji. Na huku bara mageti mengi yana mbwa wa ulinzi. Mate yake yakikushika kanzu, mara saba zinajulikana, na moja yake kwa udongo. Aliyekwambia utapuliza mara moja yakaisha amekudanganya katika dini yako, na huo ni uongo mzito kuliko wa bei.

Tunajua Wahanafi wanakubali kuondosha najisi kwa siki na majimaji mengine yaliyo tahiri. Tuna majirani na tuna mawifi wa madhehebu hayo mjini hapa, nao wana hoja zao za wanavyuoni. Lakini hata kwao lazima kinachosafishia kiwe chenyewe tahiri, na hapa kuna jambo ambalo hakuna kicheni pati hata moja tuliyolisikia likitajwa.

Maganda na sukari na maji hayawi siki usiku mmoja. Kabla ya kuwa siki yanapita kwenye ulevi. Hamira iliyo hewani na kwenye ganda inakula sukari, inatoa gesi na pombe. Baadaye, kukiwa na hewa, bakteria wengine wanaigeuza ile pombe kuwa asidi. Wiki ya kwanza na ya pili ukifungua chombo unasikia harufu ile ile inayotoka kilabuni. Ikishafika kulevya, kwetu Mashafii ni najisi. Ikigeuka siki yenyewe, bila ya kutiwa kitu cha kuigeuza, inatahirika. Ikitiwa kitu ili igeuke, haitahiriki. Wanavyuoni wetu wameyaandika haya karne nyingi nyuma, mpaka na hukumu ya kamuo lililowekwa kwa nia ya siki. Haya, wewe unayeuza chupa ya wiki tatu kwa sababu wateja ni wengi, umeshajiuliza inakwenda kufutia nini? Inakwenda kufutia mswala wa mtu. Kuhusu sukari iliyotiwa tokea mwanzo na maganda yanayobaki mle ndani, muulizeni ustadhi wenu, sisi si mafaqihi. Sisi tunachosema ni kuwa suali lipo, na wauzaji wanalificha chini ya neno "asili".

Neno hilo nalo! Pilipili ni ya asili. Utomvu wa mbono ni wa asili. Jaribu kujipaka.

Na hapo tunafika kwenye la kuoshea mwili, na tutalisema wazi kwa sababu hayo haya-haya yetu ndiyo yanayoumiza watoto wetu. Mmoja wa mabi harusi tuliompokea hapa, kijana, mzuri, mwenye adabu zake, alipewa chupa na kuambiwa ajioshee nayo ndani. Wiki moja baada ya fungate hawezi kukaa. Aliona aibu kumwambia mume, aliona aibu kumwambia mama mkwe, akaja kumwambia mmoja wetu jikoni huku akilia na kukata vitunguu ili tusijue analia nini. Tulimpeleka kwa muuguzi, akatibiwa, yu mzima. Muuguzi alisema maneno ambayo kila somo angepaswa kuyajua kabla ya kumkalisha mwari: ndani kunajisafisha kwenyewe, kuna bakteria wema wanaokulinda, na limau, siki, sabuni na manukato yanawaua, ndipo maradhi yanapopata njia. Nje, maji yanatosha.

Singo ina waalimu wake, udi una wakati wake, hatujakataza mtu kunukia kwa mumewe. Lakini tazameni biashara ilivyo: kwanza wanamtia msichana hofu kwamba ananuka, kisha wanamuuzia dawa ya hofu waliyomtia wao. Somo anayefanya hivyo hafundishi.

Kuna na hatari nyengine, hii haina mjadala wa madhehebu. Mmoja wetu, na yumo katika kuandika haya, alimwaga jiki chooni, akaona haitoshi, akaongeza maji ya maganda juu yake, mlango umefungwa. Asidi yoyote ikikutana na jiki inatoa gesi ya klorini. Macho yalimchoma, kifua kikambana, akatoka akipapasa ukuta. Alhamdulillah mlango haukuwa na kitasa kibovu. Tangu hapo jiki yetu na siki yetu hazikai rafu moja. Mwengine alifunga chupa ya maganda yanayochacha akaikaza kifuniko. Gesi ikajaa, usiku wa manane ikapasuka kabatini, na shemeji aliyekuwa amelala sebuleni alidhani wameingiliwa na wezi.

Baada ya kusema yote haya, tunawaambia tunachofanya sisi, ili msiseme tumebomoa hatukujenga.

Tunanunua siki nyeupe ya dukani. Machungwa tunayaosha kwanza, maana yametoka shambani na dawa zake, tunayala, maganda tunayakwangua nyama nyeupe iliyobaki. Tunayajaza kwenye chupa ya kioo, tunamimina siki mpaka yazame, tunafunika kwa kifuniko cha plastiki kwa kuwa cha chuma kinashika kutu. Wiki mbili juu ya kabati, pasipo jua. Tunachuja, tunaongeza maji kiasi kile kile, tunatia kwenye chupa ya kupulizia, tunaandika nje kwa kalamu ya wino mzito: SIKI YA KUFUTIA, na tarehe. Hakuna sukari, hakuna kuchacha, hakuna pombe, hakuna shubha. Kwa sinki, bomba, kioo, jiko la gesi lililorukiwa na mafuta, ndani ya friji. Birika lenye ukoga tunalichemshia siki tupu na maji nusu kwa nusu, tunaliacha saa moja, kisha tunachemsha maji matupu mara mbili na kuyamwaga.

Msiitie kwenye jiwe la marumaru la kweli wala sakafu ya tarazo, inakula mng'aro. Na nyie mliobaki Mji Mkongwe, ikae mbali na kuta za chokaa. Chokaa na asidi hazipatani, na nyumba zile zina mizigo yao tayari. Sufuria za alumini msilaze nayo usiku kucha. Mikono yenye michubuko ivalieni glavu.

Vyombo tunaosha kwa sabuni. Najisi tunaondosha kwa maji, kisha ukitaka pahala panukie, puliza.

Kwa wanaouza hatusemi muache. Mwanamke anayetafuta riziki yake ya halali tunambeba mabegani. SIDO ipo tangu 1973 na ofisi iko hapa Arusha, inafundisha kutengeneza sabuni ya maji kwa vipimo; TBS ipo kwa ajili ya nembo ya ubora. Nendeni mkajifunze, kisha andikeni kwenye chupa: imetengenezwa lini, ina nini, inafutia nini na haifai kwa nini. Tutakuwa wa mwanzo kununua. Ila chupa ya "inafaa kwa kila kitu" ikiletwa tena kwenye kicheni pati ya mtoto wetu, tutanyanyuka mbele ya wageni tuulize ina wiki ngapi na imepita wapi, na tutangoja jibu tumesimama.

Na wewe bi harusi unayefunga sanduku mwezi huu kuja huku: baridi ya Juni na Julai usiidharau, chukua sweta mbili na soksi. Machungwa utayakuta Kilombero. Maganda ya ndizi mpe mwenye ng'ombe. Na ukipewa ile chupa, ipokee kwa adabu, usimvunjie mtu heshima ukumbini, kisha ukifika nyumbani imwage chooni kwa maji mengi. Usitie jiki.

Wabillahi tawfiq.